Rimoti haikwambii umeachia kitufe

Swali: Habari fundi, nimeunda kigari kwa Arduino Uno nakiendesha na rimoti ndogo ya infraredi. Nikishikilia kitufe cha mbele kinaenda kidogo tu kinasimama, na kwenye Serial Monitor naona namba ya kitufe mara moja halafu FFFFFFFF zinafuatana. Sensa imekufa?

Jibu: Sensa yako nzima kabisa ndugu yangu, usiitupe. Hizo FFFFFFFF ndo rimoti inakwambia "bado ameshika". Rimoti nyingi za aina hiyo zinaongea lugha ya ishara inayoitwa NEC, na NEC ukibonyeza inatuma namba kamili mara moja tu, biti 32, ukiendelea kushikilia haiirudii tena, inatuma alama fupi kila baada ya milisekunde 108 hivi: mwanga wa milisekunde 9, kimya cha 2.25, halafu mpigo mmoja mfupi basi. IRremote ya zamani, yaani maktaba ya Arduino inayosoma rimoti, ikiipata alama hiyo ndo inaandika 0xFFFFFFFF, programu yako inailinganisha na namba ya mbele, inaona hazifanani, inaangukia kwenye else na mota inazimwa.

Dawa yake ni kukumbuka. Tengeneza kigeu kimoja, yaani sehemu ya kuhifadhi namba, kiite kitufeCha­Mwisho, ukipata namba halisi iweke humo, ukipata FFFFFFFF jua ni kitufe kile kile. Kama uko toleo la 4 la IRremote kazi hiyo imeshafanywa, command inabaki ile ile na ukitaka kujua ni marudio unaangalia IRDATA_FLAGS_IS_REPEAT ndani ya flags.

Sasa kuachia, hapa ndo wengi wanakwama. Rimoti haitumi chochote ukiachia kidole, inanyamaza tu, kwa hiyo lazima wewe upime huo ukimya. Kila ukipokea kitu, iwe namba au marudio, andika mwisho = millis(); (millis() ni saa ya Arduino inayohesabu milisekunde) halafu nje kabisa ya ile if ya kupokea, lupu ikizunguka kila mara iulize:

if (millis() - mwisho > 250) simamisha(); // simamisha() ni amri yako ya kuzima mota

Mi naweka 250, sio 120, kwa sababu alama moja ikipotea, na zinapotea kweli hasa ukiwa nje juani, pengo linakuwa 216, na ukiwa umeweka 120 kigari kitakuwa kinasimama-simama njiani bila sababu. Kigeu mwisho kiwe unsigned long tafadhali, ukiweka int kwenye Uno kinajaa baada ya sekunde 32 tu na hesabu inavurugika.

Na toa delay zote, zile amri za kusubiri. Ukiwa na delay(500) mle ndani marudio manne yanapita programu imelala, hata simamisha() inachelewa, na kigari kikiwa kinaelekea ukutani nusu sekunde ni nyingi sana.

Kitu kingine angalia waya za spidi ya mota, kwenye Uno IRremote inachukua taima 2, saa ya ndani inayoendesha pini 3 na 11, kwa hiyo analogWrite (amri ya kuweka spidi) kwenye pini hizo haitakutii, hamishia 5 na 6.