Mdogo wangu, usiwaahidi amani

Kijana mmoja wa Sudan Kusini, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ameniandikia wiki hii. Uchaguzi wao umeahirishwa weee, sasa unasubiriwa Desemba 2026, naye anataka kuzunguka vijijini kufundisha watu kupiga kura. Aanzie wapi? Mdogo wangu, kaa nikusimulie.

Mwaka 2005 nilikuwa mhamasishaji wa uchaguzi Walungu, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo (DRC). Vita vilikuwa vimeisha kwenye karatasi. Kinshasa kulikuwa na serikali ya 1+4, rais mmoja na makamu wanne, wawili kati yao viongozi wa waasi wa jana. Nasema kwenye karatasi kwa sababu Juni 2004 makamanda waasi, Nkunda na Mutebutsi, waliiteka Bukavu, mji mkuu wa jimbo letu, nami nikalala chini ya kitanda na wadogo zangu. Kwa hiyo nilipopewa fulana na kipaza sauti nilijiona nimetumwa na Mungu.

Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, tukipiga kura, wale wenye bunduki wa porini wataondoka?"

"Wataondoka, mama." Wala sikumeza mate. Watu wakapiga makofi, na yale makofi niliyapenda.

Tarehe 30 Julai 2006 nilisimamia kituo, na hapa naomba nijisifu kidogo. Karatasi ya urais ilikuwa na wagombea 33. Ile ya ubunge ilikuwa pana kama gazeti lililofunguliwa. Bibi mmoja alikawia kibandani mpaka nikabisha hodi. Alikuwa akipita picha moja moja akitafuta sura ya mtu wake, na karatasi ikamshinda kukunja. Tulihesabu kwa taa hadi alfajiri, tukabandika matokeo ukutani. Mgombea wa wale waliotutawala Bukavu kwa bunduki alikuwa ameanguka vibaya; nchi nzima hakufikisha hata asilimia 2. Watu walisoma kimya, halafu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote.

Rais Joseph Kabila akamshinda Bemba, mmoja wa wale makamu waliokuwa waasi, katika duru ya pili kwa asilimia 58. Machi 2007 walinzi wa Bemba na jeshi wakapigana katikati ya Kinshasa. Kwetu, wa porini walibaki porini.

Niliporudi Walungu kwa mradi mwingine, yule mama hakuitikia salamu yangu. Bosi aliyetufundisha kuimba "kura ni amani" alishahamia nchi nyingine kitambo. Lawama nilibaki nazo mimi, mwenye sura iliyozoeleka. Bado inaniuma.

Basi ushauri wangu: usiahidi amani. Fundisha namna ya kukunja karatasi. Waambie kura inabadilisha anayekaa kwenye kiti, lakini kunyamazisha bunduki ni kazi nyingine: majeshi yachanganywe, askari walipwe mishahara, wauaji wafikishwe mahakamani. Na narudia, usiahidi. Ninyi vijana mnapenda makofi kama nilivyoyapenda mimi, na mwanasiasa anajua hilo kuliko mnavyojijua. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama mkutano utapoa.

Yule mama tulipatana baadaye sana. Alifungua kitenge, akatoa kadi yake ya mpiga kura ya 2005 ndani ya mfuko wa plastiki, pembe zimeliwa. Kwa miaka yote ile ndiyo iliyokuwa kitambulisho chake.

"Amani uliyosema sijaiona," akaniambia. "Lakini hii imenivusha bariyeri nyingi za barabarani."