Mahubiri hayana tarehe: mwaka wake unajulikanaje?

SWALI: Naomba msaada wa kitaalamu. Nasoma theolojia, na katika kupitia picha za mahubiri ya Jonathan Edwards, mchungaji Mpuritani wa Marekani ya kikoloni, naona madaftari mengi ya mwanzo hayana tarehe. Lakini orodha ya wahifadhi inayapa mwaka, mengine hadi majira ya mwaka. Wamejuaje? Au wanakisia tu?

JIBU: Wanakisia, ila ni kisio la fundi. Edwards alianza kuhubiri New York mwaka 1722 akiwa na miaka 18, na hakuwa na desturi ya kuandika tarehe mpaka 1733. Mahubiri yake yaliyobaki yanakaribia 1,200, mengi yakiwa Maktaba ya Beinecke, Chuo Kikuu cha Yale. Yaliyowatoa watu jasho ni hayo ya miaka kumi ya kwanza. Aliyeyapanga hasa ni mtafiti Thomas Schafer, na karatasi yenyewe ilimsaidia sana.

Karatasi ya zama hizo ilitokana na matambara yaliyopondwa, rojo likachotwa kwa chekeche la waya. Waya uliopindwa kuwa taji au ngao uliacha alama ya maji, kama ile unayoiona kwenye noti ukiinua kwenye mwanga. Mchungaji hanunui karatasi ya maisha yake yote kwa mkupuo. Shehena ikiisha anatafuta nyingine, na alama inabadilika. Ukipata barua yake yenye tarehe, na alama ile ile ukaikuta kwenye daftari lisilo na tarehe, umepata pa kuanzia.

Kisha wino. Ulipikwa kwa vivimbe vya mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mti, na kila mpiko ulikuja na rangi yake. Hapa usiziamini picha zako: wino huo ulikuwa mweusi ukageuka kahawia, na kamera nayo inatia yake. Madaftari yanalinganishwa yakiwa yamelazwa ubavu kwa ubavu mezani. Mwandiko pia husaidia, kwani wa ujanani umebanwa na wa uzeeni umetawanyika.

Mimi kinachonifurahisha ni ubahili wake. Karatasi ilikuwa ghali, basi alishona vijitabu vya kuenea kiganjani kwa chochote alichopata: migongo ya barua, bili za dukani, hata vipande vilivyobaki baada ya wanawake wa nyumbani kwake kutengeneza mapepeo. Hubiri lililo nyuma ya barua ya Mei haliwezi kuwa la Aprili mwaka huo. Lakini laweza kuwa la miaka mitatu baadaye, karatasi ilipokuwa imelala kwenye saraka.

Kuanzia miaka ya 1740 alipunguza kuandika hubiri neno kwa neno, akawa anaandika vidokezo. Usifanye hilo kanuni, maana kwa siku maalumu aliendelea kuandika kirefu.

Na hata tarehe ikiwepo, tahadhari. Katika makoloni ya Uingereza hadi 1752 mwaka mpya kisheria ulianza Machi 25, ndiyo maana utakuta watu wa wakati huo wakiandika 1738/9, yaani 1738 kwa hesabu hiyo na 1739 kwa hesabu yetu. Ukikuta Februari 1740 bila mkwaju (alama ya /), angalia kwanza mwandishi alikuwa akihesabu vipi, kwa sababu kwa kalenda yetu huenda ni Februari 1741.