Nyuki Weusi Wanaotoboa Paa: Niliyoyakosea na Yaliyonifaa

Tangu nihamie katika nyumba hii ya Tororo, mashariki mwa Uganda, miaka minane iliyopita, majirani hawajaniuliza jambo lolote mara nyingi kama wanavyoniuliza kuhusu wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Wananiuliza kwa sababu walinishuhudia nikihangaika nao, na pengine kwa sababu nilikuwa mwalimu, na mwalimu hudhaniwa kuwa na jibu la kila kitu. Jibu nililo nalo nimelipata kwa kukosea.

Mambo yalianzia kwenye meza ya barazani. Kila asubuhi tuliikuta na lundo dogo la unga wa mbao, kama kijiko kimoja hivi, wa rangi ya njano hafifu, kana kwamba kuna fundi aliyefanya kazi hapo usiku. Mama watoto akiufuta leo, kesho umerudi. Nilipoinua macho nikaona ubao wa ukingo wa paa una matundu matatu ya mviringo kamili, kila moja likitosha kuingiza ncha ya kidole changu cha mwisho, kingo zake laini kama zilizopigwa keekee. Chini ya kila tundu ukuta ulikuwa na michirizi ya kahawia ambayo sabuni haikuiondoa. Nikiwa bado nashangaa, akatoka nyuki mweusi mnene ajabu, akavuma mbele ya uso wangu, akaondoka.

Nilichukua simu nikatafuta ushauri kwenye intaneti, na hapo ndipo nilipopotea. Maelezo niliyoyapata yalikuwa mazuri na ya kweli, ila yalimhusu mdudu mwingine kabisa. Yalisimulia nyuki wanene wenye manyoya wa Ulaya, wa jenasi ya Bombus, ambao hujenga kiota katika shimo lililoachwa na panya, chini ya banda la bustani au hata ndani ya kijumba cha ndege. Nyuki hao huishi kwa familia yenye malkia na wafanyakazi ambao kwa kawaida ni makumi au mamia kadhaa, na baridi inapoingia familia nzima hufa isipokuwa malkia wapya waliokwisha kupandwa, ambao hujificha ardhini hadi majira ya joto yarudi. Kwa hiyo mwenye nyumba wa huko huambiwa asiwaguse, avumilie miezi michache, watakwisha wenyewe, na kiota hicho ni nadra kutumiwa tena mwaka unaofuata. Mpwa wangu anayeishi Leicester, Uingereza, alinithibitishia hayo: walikuwa nao chini ya banda lao, wakaachwa, na ilipofika Oktoba pakawa kimya.

Nami nikasubiri. Nilisubiri mvua za Machi hadi Mei zikapita, nikasubiri za Septemba hadi Novemba, na ulipofika Januari matundu yalikuwa kumi na moja. Nyuki wa jenasi ile hawapo kabisa kiasili katika Afrika kusini mwa Sahara, na hapa kwetu hakuna baridi ya kuwaua hao tulio nao. Niliyekuwa namsubiri afe alikuwa nyuki wa jenasi ya Xylocopa, ambaye Kiswahili kimempa jina lake kamili: duduvule. Hapa Uganda wengi wetu tumelisahau jina hilo, tunasema tu “ile nyuki kubwa nyeusi”, na nadhani tungalilikumbuka nisingalipoteza mwaka mzima, maana mababu walikwisha kumtofautisha na nyuki wa asali.

Tofauti yenyewe ni kubwa. Duduvule hana mzinga wala jeshi. Kila jike hujichimbia au kurithi nyumba yake, ingawa mabinti wanaweza kukaa na mama yao kwa muda, na ndiyo sababu ubao mmoja huonekana kama mtaa mzima. Yeye hali mbao, huitafuna tu kwa meno yake na kuitupa nje, na huo ndio unga wa mezani. Anapenda mti mkavu, laini, usiopakwa rangi: msonobari, mti wa musizi, tawi lililokufa, hata mwanzi. Nyumba yangu ilikuwa na mbao za musizi tupu upande wa baraza, kwa hiyo siwezi kumlaumu.

Nilipata bahati ya kuona kazi yake kwa ndani siku fundi alipoteremsha kipande cha ubao na kukipasua kwa msumeno. Tundu huingia moja kwa moja sentimita chache, kisha hupinda na kufuata uzi wa mti. Ndani ya handaki hilo palikuwa na vyumba vilivyopangwa kwa mstari, vimetenganishwa kwa kuta nyembamba za unga wa mbao ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu kama sarafu. Katika kila chumba mlikuwa na donge la chavua iliyokandwa kwa mbochi, yaani maji matamu ya maua, la manjano, lenye harufu tamu iliyochacha kidogo, na juu ya donge moja lilikuwa limelala yai jeupe lililopinda, refu kuliko punje ya mchele. Yule fundi, ambaye dakika tano kabla alikuwa amesema, “Mwalimu, hawa ni wa kuchoma tu na mafuta ya taa,” alikitazama kile kipande kwa muda, akakiweka chini taratibu, akasema, “Kumbe naye ni fundi.”

Kuhusu kuchoma, nasema bila kupepesa macho: asiyetaka kujenga nyumba upya asijaribu. Mbao kavu, kitambaa chenye mafuta ya taa na paa la bati lenye dari chini yake havipatani. Kuhusu sumu, nililipa mtu aje kupuliza dawa kabla sijajua mambo. Waliokuwamo walikufa, lakini baada ya wiki chache wengine waliingia katika matundu yale yale, kwa kuwa nyumba iliyokwisha kuchimbwa ni rahisi kuliko mpya. Baya zaidi, wala yeye wala mimi hatukufikiri kwamba ukingo ule wa paa ndio unaomwaga maji kwenye mfereji unaojaza tangi letu la kunywa. Mvua ya kwanza ilipokuja, mama watoto ndiye aliyeuliza, na tukamwaga tangi zima. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono desturi ya kupaka oili chafu ya magari kwenye mbao za nje, ijapokuwa jirani yangu anaisifu: kama unakinga maji ya mvua, utakuja kuinywa.

Kosa langu la tatu lilikuwa kuziba matundu kwa saruji mchana, wenyewe wakiwa ndani. Walitafuna upande mwingine wakatoka, na kwa matundu matatu niliyoyaziba nikapata mawili mapya.

Kilichofaa ni kazi ya subira. Jioni nilikuwa nachomeka pamba kidogo, bila kuishindilia, kwenye mdomo wa kila tundu, kisha nachungulia kesho yake saa nne asubuhi. Penye mwenyewe, pamba ilikuwa imesukumwa nje. Palipohamwa, ilibaki vilevile. Pamba ikikaa siku tatu au nne mfululizo bila kuguswa, nilijaza tundu kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi ya seremala, nikagongomea kijiti cha mti mgumu, nikakikata sawa na ubao na kusugua kwa msasa. Kisha ukingo wote ukapigwa rangi ya mafuta mikono miwili, pamoja na upande wa chini ambao mafundi wengi huuacha kwa sababu hauonekani. Duduvule yeye huuona. Mbao mbili zilizokuwa zimetobolewa mno tulizibadilisha kwa mvule, ambayo ni ghali siku hizi, lakini ni mti mgumu na hadi leo hakuna aliyeujaribu.

Swali linalofuata siku zote ni kama wanauma. Yule anayekuja kuelea mbele ya macho yako, akasimama angani kana kwamba anakuuliza kitambulisho, mara nyingi ni dume analinda eneo lake. Katika spishi kadhaa za huku dume ana manyoya ya rangi ya njano au hudhurungi, na jike ni mweusi, pengine mwenye mkanda mweupe au wa manjano. Dume hana mwiba hata kidogo. Ni kelele tupu. Jike anao, na kwa kuwa mwiba wake haubaki mwilini anaweza kuuma zaidi ya mara moja, lakini hafanyi hivyo mpaka umkamate. Katika miaka minane niliumwa mara moja, nilipookota kuni bila kuitazama naye yumo ndani. Kidole gumba kiliniwaka moto kwa karibu saa nzima, nikakitia katika maji baridi, basi.

Hapo lazima nitenge jambo moja, kwa kuwa kulichanganya kunaweza kumgharimu mtu maisha. Ukiona nyuki wadogo wengi wakiingia na kutoka katika ufa mmoja wa ukuta au dari, kama watu mlangoni mwa soko, hao si maduduvule bali ni nyuki wa asali, na wa Afrika ni wakali na hulinda mzinga kwa pamoja. Usipande ngazi wala usiwatie moshi mwenyewe. Ondoa watoto na mbuzi waliofungwa karibu, umwite mfugaji wa nyuki mwenye mavazi yake, aje jioni awahamishe. Wakikuvamia, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari na ufunge mlango, bila kusimama kuwapunga, kwa maana anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake. Mwiba uliobaki uukwangue upesi kwa ukucha. Aliyeumwa mara nyingi, au anayevimba uso na kuhema kwa shida hata kama ameumwa mara moja tu, apelekwe hospitali papo hapo.

Turudi kwa maduduvule. Sikuwafukuza wote, na si kwa huruma tu. Nyuma ya nyumba nina mmea wa pasheni unaopanda kwenye uzio, na ua la pasheni ni pana: nyuki wa asali hupita chini ya vichwa vya chavua asiviguse, akanywa mbochi na kwenda zake. Duduvule akiingia, mgongo wake mnene hujisugua penyewe, na nimewaona wakitoka wamepakwa unga wa manjano begani kama wabeba magunia ya mahindi. Kwa hiyo nilining’iniza gogo kavu la musizi kwenye nguzo ya uzio, chini ya kipande cha bati ili lisilowe, pamoja na vipande vya mwanzi vilivyozibwa upande mmoja. Gogo lilikaa tupu miezi mitano nikaanza kuchekwa. Sasa lina matundu sita, na unga wake unaangukia majani badala ya meza.

Kila Januari, kabla ya mvua, napanda ngazi kukagua ukingo wa paa. Mwaka huu nilikuta matundu mawili mapya upande wa jikoni, mahali ambapo rangi ilikuwa imebabuka kwa moshi. Moja nimeliziba. La pili lina mwenyewe, na pamba yangu anaitupa kila asubuhi.