Kabla hujalipia shangingi la mkononi, lione asubuhi likiwa la baridi

Wakuu, naulizwa sana kuhusu hizi V8 za mkononi, yaani Land Cruiser na wenzake zilizokwisha tumika, kwahiyo naandika mara moja kwa kirefu maana mi nilishapigwa na sitaki mwenzangu apite nilipopita.

Mwaka 2021 nilikuwa natafuta gari la kutupeleka nyumbani Mbinga, tuko watu saba na mizigo, na masika ile barabara ya kijijini gari dogo haliingii kabisa. Nikapata Land Cruiser VX ya 2010, petroli, injini ya lita 4.6, namba ya usajili ya D, kwenye yadi moja hapa mjini, milioni 68, wakati wenzake wote niliowaona wanaanzia 90 kwenda juu. Limepigwa polishi, ndani linanukia vizuri, kilomita zinasoma 96,000. Dalali ananiambia kuna mtu wa Arusha kesho anakuja na hela kamili. Nikalipa jioni ileile, gari halijaingia shimo la fundi likaguliwe chini wala nini.

Haikuisha miezi miwili taa ya airbag ikawaka, mara vioo vya nyuma havishuki, mara nikiweka L4, ile gia nzito ya matope na milima, taa inapepesa tu haitulii. Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi Ilala ambaye haya magari ameyashika miaka na miaka. Hakufungua hata boneti. Alisogeza siti, akanyanyua zulia pembeni kwenye kizingiti cha mlango, akaingiza kidole kikatoka na tope kavu, laini kama unga wa muhogo. Akaniangalia akasema, "Kaka, hili gari lilizama." Plagi za waya chini ya zulia zote zimeota ukijani, boliti za siti zina kutu wakati ngozi ya siti ni safi kabisa. Na mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika mpaka umekuwa laini, akanionyesha akasema kilomita 96,000 haziwezi kula mpira hivi, hizi zimerudishwa.

Lile gari nililiuza kwa hasara kubwa, na niliyemuuzia nilimwambia kila kitu, tope na kilomita.

Gari la pili nilitafuta miezi minne. Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni muda, nilikuwa namwambia muuzaji nakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na asiliwashe kabla sijafika, nafika nashika boneti, ikiwa ya moto naondoka. Injini ikiwa ya baridi ndo inasema ukweli, moshi unauona, mlio unausikia, na kama gari lina suspensheni ya hewa kama Range Rover au Discovery ndo utaona limelalia upande mmoja maana hewa imevuja usiku kucha. Likiwa la suspensheni ya haidroliki, ya kutumia oili, kama Lexus LX570, lipandishe juu kabisa, kisha lishushe, huku mtu anaangalia tanki la ile oili yake, likishuka oili inatakiwa ipande waziwazi kwenye tanki, ikipanda kidogo tu jua ile mitungi ya gesi imechoka, na kubadilisha si hela ndogo.

Halafu jaribu L4 mwenyewe, simama, weka N, zungusha swichi, subiri taa itulie, kisha bonyeza na difloki ya katikati, ile inayofunga mbele na nyuma zizunguke pamoja. Magari mengi ya mjini hayajawahi kuwekwa L4 hata siku moja, ile mota inayoingiza L4 inaganda kwa kukaa bila kazi, na wewe gari unalinunulia matope.

Fundi awe wako. Sio wa yadi, sio rafiki yake dalali. Mi namlipa fundi asubuhi nzima tunalala chini ya gari pamoja na tochi, hasa likiwa limetokea Uingereza, kule winter wanamwaga chumvi barabarani na chesisi inaoza kwa chini wakati bodi inang'aa. Na mtu akikwambia V8 ya dizeli, Land Cruiser toleo la 200 Series, eti imetoka Japani ilikokuwa inatembea, muulize vizuri, maana kule ziliuzwa za petroli tu.

Makaratasi ni mafupi ila usiyaruke: jina kwenye kadi ya gari lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, kadi iwe orijino mkononi, sio "iko benki nitakuletea", na angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho kwa namba ya gari. Ukiona bora uagize, anza na kikokotoo cha ushuru cha TRA, injini ikizidi cc 2000 kuna ushuru wa bidhaa 10% juu ya ule wa forodha 25%, VAT 18% na ushuru wa uchakavu kama gari ni la zamani, ndo utajua kwanini ya mkononi inavutia.

Na hela usimalizie kwenye kununua jamani. Mi la pili nilibakiza milioni 12 pembeni na mwaka wa kwanza zilienda zote, tairi nne za 285/60R18, bushi za mbele, rejeta, oili zote mpaka za difu. Mafuta kwangu Tegeta mpaka Posta kwenye foleni ni kilomita nne kwa lita. Desemba iliyopita tulienda Mbinga mvua inanyesha, kile kilima cha kabla ya kijiji nikaweka L4, taa ikatulia, tukapanda.