Jibu: Utapimaje maelezo ya zana za wakala wako

Kaka, umeuliza utajuaje kama maelezo ya zana za wakala wako wa akili mnemba yanatosha, yule anayewatafutia wachuuzi bei za dagaa na sangara pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Zana ni programu ndogo anazoziita kufanya kazi, kama kutafuta bei, na maelezo ni maneno yanayomwambia kila moja inafanya nini. Usianze kwa kuangalia kama yameandikwa vizuri. Anza na kazi.

Andika maswali 20 hivi, jinsi wachuuzi wanavyouliza kweli: "Gunia la dagaa leo bei gani?" Kando ya kila swali weka zana sahihi na vigezo vyake, yaani taarifa ambazo zana hupewa, kama aina ya samaki na tarehe. Mpe wakala kila swali mara kadhaa, kwa sababu majibu ya modeli hubadilika, kisha soma kumbukumbu za miito yake: ameita zana ipi, kwa vigezo gani. Jibu linaweza kupendeza huku zana iliyoitwa siyo.

Wakala haoni msimbo wako. Katika MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuwaunganisha mawakala na zana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, huoneshwa jina la zana, maelezo na skima ya vigezo, yaani orodha ya vigezo na aina ya kila kimoja. Kwa hiyo "hurudisha bei" haitoshi hata kidogo. Ya kilo au ya gunia? Ya leo au ya jana? Tarehe iandikwe vipi? Na taarifa zikikosekana, zana inarudisha sifuri au ujumbe wa kosa? Hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, maana sifuri isiyoelezwa inaweza kumfikia mama mchuuzi kama bei.

Ukirekebisha, badilisha jambo moja tu, kisha rudia maswali unayojaribia. Lakini maswali machache yaweke kando tangu mwanzo, usiyaguse kabisa wakati wa kurekebisha, ujipime nayo mwishoni.