Kwa unayechukua fomu mara ya kwanza

Mdogo wangu, umechukua fomu ya kuomba chama kikuteue kugombea, umepiga nayo picha, umeisambaza kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Hongera. Sasa kaa nikueleze, maana nimekuwa katibu wa chama wa kata vipindi viwili na matokeo nimeyajaza kwa mkono wangu.

Wageni wengi hudhani kura za maoni, zile wanazopiga wajumbe wa chama, ndizo zinazoteua mgombea. Jina lenyewe linasema: ni maoni. Wajumbe wakishapiga, karatasi inapanda wilayani, mkoani, mpaka makao makuu, na kila inapopita inaongezewa mapendekezo. Mwaka mmoja kijana wetu aliongoza kwa mbali, tukachinja mbuzi. Jina lililorudi likawa la mshindi wa tatu. Akaja kuniuliza mimi! Majina hushuka, sababu hubaki hukohuko juu.

Tazama CCM, chama tawala hapa Tanzania, mwaka 2015. Wanachama 38 walirejesha fomu za urais, na Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikuwa na wafuasi kila kona. Kamati Kuu ilipopeleka majina 5 mbele ya Halmashauri Kuu pale Dodoma, lake halikuwamo. Wapo wajumbe walioimba kwamba wana imani naye, lakini huwezi kumpigia kura mtu ambaye hayumo kwenye karatasi. Watano wakabaki watatu, na Mkutano Mkuu ukamchagua John Magufuli. Kwa hiyo usiulize tu nani anapiga kura. Uliza nani anaandaa orodha ya kupigiwa.

Wanaoiandaa hawajasikia hotuba yako. Wana faili. Ada yako imelipwa mpaka lini? Kuna barua ya malalamiko uliyoipuuza kwa sababu aliyeiandika ni mlevi wa mtaani? Ijibu kwa maandishi, upate muhuri wa kupokelewa. Faili nyingi nilizoziona zikikwama zilikwama kwa vitu vidogo vya namna hii.

Hela ya wajumbe sitaizungumza sana. Wanapokea kwa kila anayetoa, basi. Mwaka 2020 CCM walipohesabu kura hadharani, watu waliojihesabia ukumbi mzima waliambulia kura moja, wengine sifuri, nao wameketi palepale. Ndipo nchi nzima ikaanza kusema wajumbe si watu wazuri. (Mimi nasema wajumbe ni watu wa kawaida, wenye mifuko ya kawaida.)

Na jina lako likikatwa? Kwetu Tanzania hakuna mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini bado lazima udhaminiwe na chama. Unabaki na njia mbili: usubiri miaka mitano au uhame, kama Lowassa alivyohamia chama cha upinzani, CHADEMA, Julai ileile ya 2015 alipokatwa. Lizungumze hilo na mkeo leo, kabla hujauza kiwanja.