Mzee Akae Wapi Kijana Anaposhtakiwa?

SWALI: Assalaam alaykum. Mpwa wangu anayesomea ustawi wa jamii Melbourne ameniambia kwamba huko Australia kijana wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa nchi ile, akishtakiwa, wazee wa jamii yake huketi meza moja na hakimu. Mimi huwasindikiza vijana wa Kiboni wanaoletwa mahakamani hapa Lamu. Je, wazee hao ndio wanaotoa hukumu? Na sisi twaweza kufanya kama wao?
Bi. S., Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, Bi. S. Mpwa wako hakukosea. Mahakama ya Koori ya watoto (Koori ni jina wanalojiita Waaborijini wa upande huo) ilianza Melbourne mwaka 2005, na jimbo jirani la New South Wales likafungua ya kwake Parramatta mwaka 2015. Nyuma ya hayo kuna ripoti ya tume ya mwaka 1991, iliyochunguza vifo 99 vya Waaborijini waliofia korokoroni na magerezani.

Hukumu ni ya hakimu peke yake. Tofauti ni kwamba huteremka kitini mwake akaketi mezani pamoja na wazee, kijana, jamaa zake, wakili na mwendesha mashtaka, na wazee ndio wanaomkabili kijana kwa maneno. Anayekana kosa husikilizwa katika mahakama ya kawaida. Wako wanaoona huko ni kumdekeza mkosaji. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa ni rahisi zaidi kumnyamazia hakimu asiyekujua kuliko kuulizwa mbele ya mama yako na mzee aliyemzika babu yako.

Kwetu Kenya hakuna mahakama ya namna hiyo, lakini mlango haukufungwa. Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyopandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, inaruhusu mtoto kuondolewa katika mkondo wa mashtaka na kurekebishwa nje ya mahakama. Zungumza na afisa wa watoto na wakili mapema, kabla kijana hajasomewa mashtaka.

Jambo la kuangalia sana ni lugha. Mtoto aliyelelewa kwa adabu akiitwa na mkubwa huitika "labeka", hutazama chini, na akihojiwa kwa ukali hujibu "ndiyo" ili maneno yaishe. Australia pia wanasheria wameonywa kuhusu "ndiyo" ya namna hiyo, kwani huweza kuandikwa kuwa ni kukiri kosa, na macho yaliyoinama yakachukuliwa kuwa ni ujeuri au hatia. Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama. Basi aombwe mapema, hata kama kijana anajua Kiswahili cha sokoni.

Na uniwie radhi, hao tunaowaita Waboni wenyewe hujiita Aweer; ukianza kwa jina lao, umeshapiga hatua. Kisha, kabla ya kumwita mzee yeyote, muulize kijana faraghani ni nani angependa aketi karibu naye. Huenda mzee unayemheshimu wewe ni jamaa wa mlalamikaji, au ndiye huyo huyo kijana anayemwogopa.